Tulichagua kadi ya kompyuta tukingojea nyama Kikopey

Msafiri atokaye Nakuru kuelekea Nairobi hahitaji kusoma kibao cha barabarani ili ajue kwamba amefika Kikopey. Moshi humpasha habari mapema. Kisha huja harufu ya mafuta ya mbuzi yanayodondokea makaa, na hatimaye vijana waliovaa makoti meupe, wamesimama kando ya lami wakipunga mikono kana kwamba wanamjua kila dereva tangu utotoni. Atakayepita hapo bila kupunguza mwendo ama ameshiba sana ama hana kitu mfukoni.

Sisi hatukuwa tumeshiba, na mfukoni tulikuwa na kitu. Ndicho kilichokuwa kikituletea ugomvi tangu tulipoondoka nyumbani kwa mama yangu asubuhi hiyo ya likizo ya Agosti.

Ilikuwa hivi, ndugu msomaji. Kifungua mimba wangu amemaliza kidato cha nne na anangoja kuingia chuoni, ambako anataka kusomea utengenezaji wa katuni za kompyuta. Nyanyake, kwa furaha ya kuona mjukuu amefaulu, aliuza fahali mmoja na kumkabidhi shilingi 85,000 akamwambia, "Nunua hiyo mashine yako, mjukuu wangu, lakini nisije nikasikia imelala kabatini." Nami nikaongeza 15,000, ikatimia laki moja. Tulikuwa tukirudi Nairobi kununua vipande vya kuunda kompyuta mpya, ya kuchorea na, kijana hakunificha, ya kuchezea michezo pia.

Ugomvi ulikuwa juu ya kipande kimoja tu, kadi ya grafiki. Rafiki yake alikuwa amemshawishi achukue kadi kubwa iliyokuwa ikisifiwa, ambayo peke yake ingemeza shilingi 70,000. Mimi nilikuwa na woga wangu. Mwaka juzi nilimnunulia mpwa wangu kadi ya kutia katika kompyuta ya ofisi iliyotumika Ulaya, zile ndogo ambazo maduka yetu yamejaa. Tulipofungua sanduku nyumbani, kadi ilikuwa ndefu na pana kuliko nafasi iliyokuwapo, na hata waya wa kuipa umeme haukuwapo. Duka lilikataa kuipokea. Hadi leo kadi hiyo iko juu ya kabati, na kila niionapo moyo huniuma.

Basi tukasimama Kikopey tukiwa tumenuniana.

Kikopey iko upande wa Gilgil, katika Kaunti ya Nakuru, yapata kilomita 30 kutoka Nakuru mjini. Chini yake limelala Ziwa Elementaita lenye maji ya magadi, makao ya heroe na ndege aina ya mwari. Mwaka 2011, ziwa hilo pamoja na Nakuru na Bogoria yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ng'ambo ya pili kuna kilima ambacho wenyeji humwonyesha mgeni kwa fahari, kwani umbo lake ni la shujaa aliyelala chali.

Zamani palikuwa hapa na ranchi kubwa iliyoitwa Kekopey. Kuanzia mwaka 1972, mtaalamu kutoka Marekani, Bi Shirley Strum, alichunguza maisha ya nyani wa ranchi hiyo. Wakulima walipohamia na kupanda mahindi, nyani nao wakajialika mezani, na mwaka 1984 ikabidi wahamishiwe Laikipia. Leo wanaojialika mezani Kikopey ni sisi abiria.

Mwenye bucha aliyetupokea alikuwa mtu wa makamo, mwenye kisu kilichochongoka kwa kunolewa. "Karibu mzee wangu, karibu mama," akasema. Nikamwambia atukatie kilo tatu na nusu za mbuzi. Hakukata. Aliniuliza, "Mko wangapi?"

"Wanne."

"Huyu mdogo anakula nyama sana?" Akamtazama kitinda mimba wangu, msichana wa miaka tisa. "Na mtakula hapa, au kuna ya kubeba? Mnataka na ugali?"

Nilipomjibu, akatikisa kichwa. "Kilo mbili zinawatosha, mzee. Tatu na nusu mtabakisha, na nyama iliyopoa utaniita mwizi." Kisha akaweka mguu juu ya mizani, akatuonyesha muhuri wa mkaguzi wa nyama, akasema tusubiri zaidi ya saa moja.

Mama watoto, ambaye hakuwa amesema neno tangu Nakuru, akatugeukia. "Mmesikia maswali ya huyu baba? Basi na hiyo kadi yenu ipimwe hivyo hivyo."

Tukaketi. Kijana akatoa daftari. Saa ile ikawa ya manufaa kuliko juma zima la ubishi.

Kwanza nilimtaka anieleze mimi, mtu wa kizamani, hii kadi hufanya kazi gani hasa. Akaeleza vizuri. Picha ya skrini ya kawaida imeundwa kwa vitone, au pikseli, 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Zidisha, upate vitone 2,073,600. Mchezo ukitaka kwenda bila kukwamakwama huhitaji picha kama 60 kila sekunde. Zidisha tena, ni zaidi ya vitone milioni 124 vya kupakwa rangi katika sekunde moja. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, ni kama mafundi sita hodari. Kadi ya grafiki ni kama jeshi la vibarua. Kadi iitwayo RTX 3060, kwa mfano, ina viini 3,584 vinavyofanya hesabu ndogo ndogo kwa wakati mmoja. Kila kibarua hupewa vitone vyake, na kazi ikaisha.

"Vema," nikasema. "Basi swali la kwanza la mwenye bucha: mko wangapi?"

Swali hilo, kwa kompyuta, ni skrini. Nyumbani tuna skrini ya vitone hivyo 1,920 kwa 1,080, na haiwezi kuonyesha zaidi ya picha 60 kwa sekunde. Kadi kubwa aliyoitaka kijana imekusudiwa skrini za 3,840 kwa 2,160, zenye vitone milioni 8.3, yaani mara nne ya yetu. Kuifunga kwenye skrini yetu ni kama kuagiza mbuzi mzima kwa watu wanne. Kadi ingetoa picha 150 kwa sekunde, skrini ionyeshe 60, na zilizobaki zipotee kama moshi wa Kikopey. Kijana aliandika hesabu hizo, akazitazama, akanyamaza kidogo.

Swali la pili: mtakula hapa au mtabeba? Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mtu wa kucheza mpira wa kompyuta na michezo ya mbio hahitaji kadi sawa na ya mtu wa kuchora katuni. Kwa kuchora, kijana hutumia programu ya Blender, ambayo hutolewa bure. Programu hii hupenda kuipakia picha nzima katika memori ya kadi. Memori ikijaa, kazi hupungua kasi mno au hukataa kabisa. Isitoshe, programu nyingi za aina hiyo zilizoea kadi za NVIDIA tangu zamani, ingawa siku hizi kadi za AMD na za Intel nazo hukubaliwa na Blender. Kwa mchezaji mtupu, kadi ya AMD yaweza kumpa picha nyingi zaidi kwa shilingi ile ile. Kwa hivyo asiyeuliza kazi kabla ya kuuliza bei atauziwa chochote.

Hapo tukakutana na mtego ambao ningependa kila mzazi aujue, nao ni mapacha wasiofanana. Kadi mbili zaweza kubeba jina moja na zisiwe kitu kimoja. GTX 1060 ya mwaka 2016 ilitoka ya gigabaiti 6 na ya gigabaiti 3, na ile ndogo ilipunguziwa viini pia. RTX 3060 ilianza mwaka 2021 na gigabaiti 12, kisha mwaka 2022 ikatoka nyingine ya gigabaiti 8 yenye njia nyembamba ya kupitishia data. Mwaka 2025 vilevile, RX 9060 XT imeuzwa ya gigabaiti 8 na ya 16. Muuzaji akikutajia jina tu, mwulize, "Ya memori ngapi?" Ni kama kuagiza kilo ya nyama bila kusema ni paja au ni mbavu.

Nyama ilikuwa bado. Kitinda mimba alianza kulalamika, basi tukapanda gari tukaenda Kariandusi, ambako si mbali na hapo. Wengi hupita kibao chake kila mwaka wakikimbilia nyama, nao hukosa jambo kubwa.

Kariandusi ni mahali pa watu wa kale, panapotunzwa na Makavazi ya Taifa. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Louis Leakey na wenzake waligundua hapo mashoka ya mkono ya mawe, na kazi ya kuyafukua ikaendelea. Umri wake hukadiriwa kuwa kati ya miaka 700,000 na milioni moja. Mengine yametengenezwa kwa mawe ya volkano ya kawaida, mengine kwa jiwe jeusi linalong'aa kama chupa, ambalo ni kioo cha volkano. Yapo yaliyoachwa pale pale yalipokutwa, ukayatazama kutoka ukingo wa shimo.

Kando yake kuna machimbo ya udongo mweupe kama unga wa ngano. Udongo huo ni maganda ya mimea midogo sana ya majini isiyoonekana kwa macho, iliyokufa na kurundikana chini ya ziwa la kale. Leo hutumika kuchujia vinywaji na kutengenezea rangi.

Kijana aliinama kutazama shoka moja jeusi, akasema, "Baba, hili nalo ni silika." Alikuwa kweli. Kioo kile cheusi kwa sehemu kubwa ni silika, na maganda yale meupe ni silika pia. Na kipande kidogo cha katikati ya kadi ya grafiki, yaani chipu, hutengenezwa kwa silikoni, ambayo hupatikana kwa kusafisha silika ya mawe ya aina nyingine hadi ibaki safi kupita kiasi. Chipu nyingi za kadi hizi huchongwa kule Taiwan.

Dadake akauliza swali la maana, "Mbona mashoka mengine ni madogo na mengine makubwa?" Nikamjibu nilivyoweza, kwamba shoka lisiloenea mkononi halikati kitu. Nilipokwisha kusema nikaikumbuka ile kadi iliyo juu ya kabati langu.

Tuliporudi Kikopey, nyama ilikuwa inakatwakatwa juu ya ubao, mvuke ukipanda. Tukanawa, tukala kwa kachumbari, chumvi na ugali moto. Zilikuwa kilo mbili, na zilitutosha.

Tulipokuwa tukila tulimaliza swali la tatu, lile nililoshindwa mwaka juzi, yaani chungu kinatosha? Mahali pa kuchomeka kadi katika bodi kuu ya kompyuta hutoa umeme usiozidi wati 75. Kadi ndogo kama GTX 1650 huweza kuridhika na hizo. Kadi nyingi kubwa zaidi huhitaji waya wa ziada kutoka kwa pawasaplai, yaani kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. RTX 3060 hula wati 170, RX 6600 hula 132, RTX 4060 hula 115. Zile kubwa kabisa ni walafi: RTX 5090 ya mwaka 2025 hula 575. Kompyuta ndogo za ofisi mara nyingi zina pawasaplai ya wati 200 na kitu hivi, wala hazina waya huo, na kifuniko chake hupokea kadi fupi tu. Kwa hiyo chukua futi upime nafasi kabla ya kutoka nyumbani, na usome kibandiko cha pawasaplai. Mwaka juzi kazi hiyo ya dakika tano ingeniokolea fedha zangu.

Isitoshe, pawasaplai si mahali pa kubania senti. Stima zetu hupotea na kurudi kwa kishindo, na ya bei rahisi ikiungua yaweza kuondoka na kadi pia. Tukaandika katika bajeti pawasaplai nzuri ya wati 550, ambayo ndiyo kampuni ya NVIDIA hupendekeza kwa RTX 3060, pamoja na kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme.

Likabaki la mwisho, mpya au iliyotumika? Mwezi wa Septemba 2022, sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamiminwa sokoni duniani kote. Si zote ni mbovu, lakini anayenunua lazima aone kwa macho yake. Mwambie muuzaji aiwashe, ifanye kazi nzito kwa nusu saa mbele yako, utazame kama feni zote zinazunguka, kama picha inapasuka, kama joto linapanda kupita nyuzi 85. Endesha pia programu ndogo ya GPU-Z, ambayo hutolewa bure. Wapo matapeli huandika jina la kadi mpya ndani ya kadi kuukuu, na tangu mwaka 2018 programu hiyo huweza kuwafichua wengi wao. Muuzaji akikataa jaribio hilo, aga kwa heshima uondoke.

Mama watoto akauliza, hao wenye NVIDIA walianzaje hata wakatajirika hivyo? Kijana akacheka, akasema walianzia mezani kama hapa. Naam, si mzaha. Mwaka 1993, Jensen Huang, Chris Malachowsky na Curtis Priem walipanga kuanzisha kampuni hiyo wakiwa wameketi katika mkahawa wa Denny's huko San Jose, California. Huang mwenyewe katika ujana wake aliwahi kuosha vyombo katika mkahawa wa jina hilo hilo. Mwezi wa Julai 2025 thamani ya kampuni yao ilivuka dola trilioni 4. Mke wangu alimtazama kijana aliyekuwa akifuta meza yetu, akasema, "Basi tusimdharau mtu."

Kabla ya kunawa tulikata kauli. Kadi isile zaidi ya shilingi 40,000, iwe na memori ya kutosha kwa Blender, na zinazobaki ziende kwa prosesa, memori ya kompyuta, pawasaplai na sanduku lenye nafasi. Kadi kubwa yenye prosesa dhaifu ni sawa na injini ya lori katika baiskeli.

Nairobi, siku ya pili, tuliingia maduka manne. Katika la kwanza kijana wa dukani alituletea mara moja kadi kubwa yenye taa za rangi rangi, akaisifu mpaka nikamwonea huruma. Mwanangu alimsikiliza, kisha akasema kwa upole, "Kaka, kwanza niulize skrini yangu ni ya vitone vingapi." Muuzaji alishangaa. Katika la nne tulipata RTX 3060 ya gigabaiti 12, iliyotumika, ikajaribiwa nusu saa mbele yetu, tukapewa risiti na dhamana ya miezi sita kwa maandishi. Tulilipa 34,000.

Jioni ya Jumamosi iliyofuata, kompyuta iliwaka. Siwezi kusema kwamba kijana hajacheza nayo, amecheza sana. Lakini katuni yake ya kwanza, ya sekunde 20, inaonyesha fahali anayeshuka mteremko kuelekea ziwa lililojaa heroe, na moshi unaonekana kwa mbali. Tulimpelekea nyanyake kwa simu. Alimtambua fahali wake kwa pembe, akauliza kwa nini amechorwa amekonda.

Wewe nawe, msomaji, likizo ijayo ukipita njia hiyo, simama Kikopey. Kabla ya kuagiza, sema mko wangapi. Na kama unao mtoto anayekusumbua kwa ajili ya kadi ya kompyuta, usimkatalie wala usimkubalie papo hapo. Mpe daftari mngojee nyama pamoja.